Dakika Nilizomwongezea Wifi

Mkunjo ule niliubuni mimi. Naanza na hilo kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayelisema.

Shuka za lastiki zina tabu yake. Shuka ya kawaida wewe unashika pembe mbili, mwenzako anashika mbili, mnakutana katikati, kazi imekwisha. Ya lastiki haina pembe. Ina vifuko vinne vinavyojikunyata, na ukiilaza mezani inakaa kama mtu aliyelala magoti juu. Mwaka wangu wa kwanza pale kwenye kiwanda cha kufulia nilizikunja kama watu wote, yaani nilizibumba tu na kuzificha katikati ya zile nzuri. Siku moja nikajaribu kuingiza kifuko kimoja ndani ya kingine, nikakibana kwa kidevu, nikaiburuta shuka juu ya mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Ikatoka bapa kama daftari. Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji. Kazini waliniita Kimya, na nyumbani wangeweza kumaliza nusu siku bila kukumbuka kwamba nipo.

Niliyemfundisha mkunjo ule ni mtu mmoja tu, wifi yangu, mke wa kaka. Baada ya miezi miwili kiwanda kizima kilikuwa kinauita mkunjo wa Wifi.

Hata kazini nilimpeleka mimi. Alipoolewa kwetu hakuwa na kazi, na mama akaniambia, "Mchukue mwenzio, asikae bure." Nikamchukua. Wiki ya kwanza alinifuata nyuma kama kivuli. Wiki ya tatu kivuli nilikuwa mimi. Wifi ana kicheko kinachofika mpaka kwenye mashine za kukaushia, tena ana mikono myepesi, na anaimba huku anakunja. Watu walikuja kwenye meza yetu kuuliza habari zake, wakaniomba nisogee kidogo wamwone vizuri.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Mama akionja mchuzi anafumba macho, anasema, "Mkwe wangu ana mikono." Mimi nimepika katika jiko lile tangu nina miaka kumi na miwili. Niliacha shule darasa la tano, muhula wa pili, wiki ileile tuliyoanza desimali, kwa sababu mama aliugua na kaka alikuwa na mtihani. Nikapika miaka yote hiyo, na hakuna siku aliyosema neno juu ya mikono yangu.

Roho iliniuma, sifichi.

Sasa mwaka huu kiwanda kikapata kazi mpya, shuka zote za hospitali kubwa. Msimamizi wetu akatukusanya mbele ya mashine. Ni mwanamume mwembamba anayevaa saa mbili, moja kila mkono, na tunamwita Bwana Dakika, ingawa si mbele yake.

"Kuanzia mwezi ujao tutakuwa na zamu mbili," akasema. "Ya asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa nane mchana. Ya mchana, saa nane mpaka saa nne usiku. Kwa wiki mbili zijazo kila mtu atapimwa. Mafungu matatu kwa siku, kila fungu shuka ishirini. Muda wako ndio utakaonionyesha pa kukuweka. Sitaki mtu aje ofisini kunililia habari za mume na mtoto. Nitapanga kwa dakika."

"Na ukiwa na mume na mtoto wenye dakika?" akauliza Mama Sabuni, ambaye yuko kwenye mashine za kufulia tangu kiwanda kifunguliwe na haogopi mtu.

Watu wakacheka. Bwana Dakika akaangalia saa ya mkono wa kulia, kisha ya kushoto, akaondoka.

Mama Sabuni ndiye aliyetufafanulia. "Hesabu yake rahisi, wanangu. Mwenye mkono mwepesi atakwenda nyumbani saa nane, jua likiwaka. Goigoi atabaki mpaka usiku." Wote tukaamini. Kila mtu aliitaka asubuhi, kwa hiyo asubuhi ndiyo zawadi, na zawadi hupewa anayeshinda. Nani angewaza vingine?

Kwenye meza ya kukunja tulikuwa wawili tu, mimi na wifi. Maana yake mmoja wetu angekwenda asubuhi na mwingine mchana.

Mimi niliitaka asubuhi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nyuma ya shule ya msingi iliyo karibu na kwetu kuna chumba kinachofundisha watu wazima waliokatisha masomo. Wanaanza saa kumi jioni. Nilikuwa nimekwenda mara moja, nikasimama mlangoni, na mwalimu, mama mmoja mwenye miwani, akanipa fomu bila kuniuliza mengi. Nafasi za darasa la tano zilibaki mbili. Fomu ile niliiweka chini ya godoro. Sikumwambia mama, wala kaka, na wifi ndiye angekuwa wa mwisho kabisa kuambiwa.

Kesho yake Bwana Dakika akagawa saa za kupimia, zile za kubonyeza, zenye kamba ya shingoni, pamoja na madaftari madogo. Kila meza ipimane yenyewe kwa yenyewe. Alipofika kwetu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hapa sina wasiwasi," akasema. "Nyinyi ni mawifi. Hamtaoneana huruma."

"Wifi yangu ananipenda huyu!" akasema wifi, akanikumbatia shingo.

Nikatazama chini.

Siku ya kwanza nilipima kwa haki. Nilibonyeza alipogusa shuka ya kwanza, nikabonyeza alipoweka ya ishirini. Dakika tisa. Nyuma ya sekunde kulikuwa na tarakimu mbili ndogo zilizokuwa zikikimbia, baada ya nukta, na hizo sikujua kuzisoma, kwa hiyo niliziacha. Kisha akanipima yeye. Saa aliishika yeye, lakini niliiona alipoiinamisha. Dakika kumi na moja. Mikono yangu ilitetemeka kwa sababu ya kutazamwa, tena anatazama yeye, anaimba, anapigapiga kalamu mezani.

Dakika tisa kwa kumi na moja, kwa mkunjo wangu mwenyewe, uliotoka kwenye kidevu changu.

Usiku ule nililala uso ukutani. Siku ya pili wifi alipomaliza fungu la kwanza, saa ilisema tisa na sekunde kidogo. Niliandika kumi na mbili.

Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Mkono wangu haukusita. Moyo ulinienda mbio kidogo tu, kama mtu aliyeruka mfereji. Fungu la pili nikaandika kumi na mbili na nusu ili isifanane. Nilijiambia kwamba hata yeye lazima ananiongezea. Nilimwona akiinama juu ya daftari lake baada ya kunipima, anatabasamu peke yake, kisha analifunga haraka. Nani anatabasamu hivyo kama hana lake? Kila jioni Bwana Dakika aliyachukua madaftari, kwa hiyo sikuwahi kuliona lake, naye hakuliona langu. Kila alipotabasamu, mimi nilimwongezea.

Jumapili tulikula pamoja, mama, kaka, wifi na mimi, kwenye mkeka uleule wa siku zote, maana nyumba yetu ni vyumba viwili na ukumbi mdogo. Mama akafumba macho juu ya mchuzi.

"Namwomba Mungu wakupe zamu ya asubuhi, mwanangu," akamwambia wifi. "Saa tisa uko hapa. Chakula cha jioni mikononi mwako kila siku. Na mimi nipumzike."

Wifi alisimamisha kijiko hewani. "Amina, mama," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea. Kisha akaangalia sahani yake, akaacha kula.

Mimi niliona tu kwamba mama ameomba kwa ajili yake. Mwanawe wa kumzaa ameketi hapohapo, naye kwenye vipimo, na hakuuliza kama nataka asubuhi au nataka usiku wa manane. Jumatatu nilimwandikia wifi dakika kumi na tatu.

Wiki mbili zikaisha. Ijumaa saa tano asubuhi Bwana Dakika akabandika ratiba kwenye mlango wa ofisi, karatasi kubwa iliyopigwa mistari kwa rula. Watu wakasukumana. Mimi nilingoja wapungue, kisha nikasogea na kuweka kidole kwenye mstari wa meza ya kukunja.

Asubuhi, Wifi. Mchana, Kimya.

Nilisoma tena kwa kidole. Nikadhani amekosea kupanga, amebadilisha safu. Nyuma yangu nikasikia wifi akisema, "Mungu wangu." Alikaa juu ya kikapu cha taulo, akafunika uso kwa viganja. Nikajua analia kwa furaha, na nikamchukia kwa moyo wote.

"Hongera, Kimya!" Mama Sabuni akanipiga begani kwa mkono uliolowa. "Kumbe mwepesi ni wewe! Nilikosa mimi, wanangu, samahanini. Bwana Dakika kaniambia sasa hivi. Shuka za hospitali zinaingia saa saba na nusu, mlima mzima, kwa hiyo wenye kasi wote kawatupa mchana. Asubuhi ni taulo na foronya tu, kawawekea magoigoi." Akamtazama wifi. "Lakini wewe, binti, dakika kumi na tatu? Ulikuwa unakunja au unazisomea dua?"

Watu wakaangua kicheko. Wifi hakucheka. Aliinuka, akanishika kiwiko, akanivuta mpaka chumba cha kukaushia, ambako mashine zinanguruma na hakuna anayesikia.

"Kumi na tatu?" akasema. "Mimi?"

Nikageukia mlango wa mashine.

"Wifi, mimi nakunja kwa tisa. Najua. Nahesabu kwa nyimbo zangu, nyimbo tatu ni dakika tisa. Umeniongezea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kila fungu?"

"Ya siku ya kwanza sikuongeza."

Nikaona hasira ikimpanda kweli, mdomo ukimcheza. "Mimi nilikuwa nakupunguzia!" akasema. "Unasikia? Wewe unakunja kumi na moja, mimi nakuandikia nane. Kila siku! Nakukata dakika tatu kwa mkono wangu, na wewe unanibandika tatu!"

Sikuelewa. "Kwa nini unipunguzie?"

"Ili upate asubuhi wewe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilidhani ameiona fomu chini ya godoro. Nilidhani amenihurumia, na hilo lilinichoma kuliko kila kitu. Lakini yeye aligeuza uso, akaanza kukwangua rangi ya mashine kwa ukucha.

"Usimwambie mama yako," akasema. "Niliutaka mchana. Kaka yako angenipokea barabarani saa nne, tungetembea wawili mpaka nyumbani. Wawili tu. Tangu tuoane hatujawahi kuzungumza bila mtu kukohoa upande wa pili wa pazia. Na lile jiko, wifi... Mama ananisifu mpaka miguu inavimba. Kila akisema nina mikono, najua kuna sufuria nyingine."

Kwa mara ya kwanza nikauona uso wa mama, macho yamefumba juu ya mchuzi, kama alivyouona yeye.

"Kwa hiyo hukuwa unanipa," nikasema. "Ulikuwa unamkimbia mama."

"Nilikuwa namkimbia mama, ndiyo! Na wewe ulikuwa unakimbilia wapi?"

Nikamwambia habari za darasa. Nilisema haraka, nikitazama viatu. Aliposikia saa kumi jioni alijipiga paji la uso.

"Kumbe! Si ungesema?"

"Na wewe si ungesema?"

Kisha wifi akajifunga kanga yake vizuri, akavuta pumzi. "Haya. Naenda kumweleza Bwana Dakika. Wewe ngoja hapa, najua huwezi kusema mbele yake. Nitamchekesha kidogo, atatusamehe."

Nikamwona akilini, amesimama ofisini, anaeleza kosa langu vizuri kuliko mimi, anachekesha, anasamehewa. Watu wangelisimulia mwaka mzima, na hata hilo lingekuwa la Wifi.

"Hapana," nikasema. "Nitasema mimi."

Sijui nilivyofika ofisini. Bwana Dakika alikuwa anakunywa chai, na akatazama saa zake mbili nilipoingia.

"Una dakika moja, binti."

"Muda wa meza yetu si wa kweli," nikasema. "Mimi nilimwongezea wifi. Yeye alinipunguzia mimi."

"Mmeoneana huruma?" Alionekana kushtuka kuliko kukasirika.

"Yeye kidogo. Mimi hapana." Kulikuwa na sentensi moja iliyobaki, na ilinitoka kama mwiba wa samaki. "Mimi ni mzito. Wifi ananishinda."

Akaweka kikombe chini. "Nilishangaa," akasema. "Kwenye daftari Wifi ni goigoi, lakini nikipita, rafu yake ndiyo inayojaa mapema. Nikasema labda macho yangu. Daftari ni daftari." Akainuka. "Vichujio vya nyuzi vya mashine zote, mwezi mzima, mtavisafisha nyinyi wawili. Na sasa twende. Nitawapima mwenyewe, kwa pamoja."

Habari zilitutangulia. Tulipofika mezani, watu wote walikuwa wamejipanga ukutani, Mama Sabuni mbele na mikono yake ya mapovu. Bwana Dakika akashika saa mbili za kubonyeza. Wifi akanikonyeza. Nilijua maana yake. Yeye ashinde, apate mchana, mimi nishindwe, nipate asubuhi. Kila mtu atapata chake, na ni rahisi, kwa sababu ndivyo ilivyo.

"Anza!"

Nikaanza polepole, kwa adabu. Shuka ya kwanza, ya pili. Halafu mtu ukutani akasema, "Mkunjo wa Wifi huo, mtazame," na akamaanisha mimi. Nilikuwa ninakunja mkunjo wa Wifi.

Sijui mikono ilipata wapi kasi ile. Kifuko ndani ya kifuko, kidevu, kiwiko, bapa. Hakuna aliyekuwa ananitazama usoni na kupigapiga kalamu. Nilisahau kutetemeka. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Wimbo wa wifi ukakatika katikati. Kwenye ya kumi na tano nikasikia Mama Sabuni akipiga ukelele, "Kimya! Jamani, Kimya!" na wengine wakaudaka. Jina langu likapita chumba kizima. Sijawahi kusikia jina langu likipigiwa makofi.

Niliweka ya kumi na nane juu ya fungu, nikatupa jicho pembeni. Wifi bado alikuwa anaikaza yake kwa kidevu. Uso wake ulikuwa umelowa, naye alinitazama kwa macho ya mtu anayeona mlango ukifungwa.

Hapo ndipo nikakumbuka. Nikishinda, ni mchana. Saa kumi jioni nitakuwa hapahapa, na mlima wa hospitali mbele yangu, na yule mama mwenye miwani atampa mtu mwingine nafasi yangu.

"Kimya! Kimya!"

Niliiangalia ile shuka ya kumi na nane. Ilikuwa bapa, pembe zimekutana sawasawa. Nikaishika kwa ncha, nikaikung'uta, ikafunguka yote.

"Imeharibika?" akauliza mtu.

"Imepinda," nikasema, nikaikunja upya.

Wifi alimaliza kwanza. Walipiga kelele sana, wakamrukia, na Mama Sabuni akampaka mapovu shavuni. Bwana Dakika akarekebisha ratiba kwa kalamu nyekundu, na karatasi ndogo aliyoandikia muda wetu akaiacha juu ya meza. Niliichukua nikaiweka mfukoni.

Jioni ile tulisafisha vichujio pamoja, tukitoa nyuzi za kijivu kwa viganja. Wifi hakuimba.

"Ile ya kumi na nane," akasema mwishowe, "ulikuwa umeikunja vizuri."

"Ilipinda."

"Haya," akasema. "Ilipinda."

Sasa ni mwezi wa tatu tangu zamu zianze. Saa kumi kasoro robo nakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao. Wifi na kaka wanarudi nyumbani wawili usiku, wanachelewa kuliko umbali unavyohitaji, na nikisikia wanacheka nje ya mlango bado kuna kitu kinanifinya. Chakula cha jioni nimerudi kupika mimi. Mama anaonja, anasema mkwe wake huwa anapunguza chumvi. Kazini mkunjo bado ni wa Wifi, na wapya wote wanafundishwa kwa jina hilo.

Juzi mwalimu alitupa hesabu za kutoa za desimali. Nilizimaliza mapema, nikaitoa ile karatasi ya Bwana Dakika. Zile tarakimu mbili ndogo sasa ninazisoma. Nikaandika muda wangu juu, wa Wifi chini, nikatoa. Alinishinda kwa sekunde kumi na tisa nukta nne sifuri. Kisha nikatafuta ile shuka niliyoirudia ilinichukua muda gani, nikigawa dakika tisa kwa ishirini, nikapata sekunde ishirini na saba. Nikatoa tena.

Mwalimu akasimama nyuma yangu, akainamisha miwani. "Saba nukta sita," akasoma. "Hesabu hii sikuitoa mimi. Ni ya nini?"

"Ya kazini, mwalimu."

"Ni sahihi," akasema, akaipiga tiki, akapita.

Nilisugua ile karatasi kwa kidole mpaka ikalala bapa, nikaikunja mara nne, nikairudisha mfukoni. Wifi sijamwonyesha.